Aliyenilisha Sukari Usingizini

Nakumbuka asubuhi moja niliamka nikiwa nimefungwa. Mikono yote miwili ilikuwa imekazwa kwa leso kwenye mbao za kitanda, leso yangu mwenyewe, ile ya maua mekundu niliyokuwa nikimbebea mtoto. Ulimi ulikuwa umevimba na mdomoni mlikuwa na ladha ya damu. Sakafuni, kutoka kitandani hadi kwenye kabati, kulikuwa kumenyunyizwa majivu, na majivu yale hayakuwa na alama ya unyayo hata mmoja. Wifi yangu Kalondu alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo, ameinua kichupa cha kioo kwenye mwanga. Ndani yake mlikuwa na mkojo wangu uliochemshwa na dawa. Waliukinga saa ngapi na vipi, sijui. Mwili wangu ulikuwapo, mimi sikuwapo. Rangi yake ilikuwa nyekundu kama tofali.

Hakugeuka. Alisema polepole, kama anayeongea na mtu aliyelala nyuma yangu.

"Tumekufunga, tumekunyima chakula, na bado umekula. Nani anakuletea?"

Nikapapasa kwa mguu upande wa ukutani, pale alipokuwa akilala binti yangu Mumbua. Palikuwa baridi.

Mwanangu, wewe uliyeambiwa juzijuzi kwamba una ugonjwa wa sukari, na wewe pia uliye na mama au kaka mwenye nao, kaa nikueleze. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo maneno makubwa usiyatafute kwangu. Lakini haya niliyajua kwa mwili, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nitataja watu kwa majina yao. Wengine wataniambia yaliyopita si ndwele. Kwangu hayajapita.

Tulikuwa tunakaa Dandora, Nairobi, miaka ile ambayo nyumba zake zilikuwa bado zinainuka. Ulikuwa unapewa kiwanja chenye choo na bomba, kuta ujitafutie mwenyewe. Mume wangu Mutiso alikuwa dereva wa lori la Mombasa, na kila akirudi aliongeza mistari michache ya mawe. Chumba kimoja kilikuwa kimeisha, cha pili kilikuwa na mabati tu na upepo. Asubuhi moshi wa jaa ulikuwa ukilala juu ya mapaa, na wale korongo wakubwa walisimama juu ya kuta ambazo hazijaisha, kimya, kama wazee wanaongoja maiti itolewe. Mtu wa Dandora alizoea. Mimi pia nilizoea, mpaka nilipoanza kuugua.

Mumbua alikuwa ameacha kunyonya nilipoanza kiu. Nilikunywa maji kama punda wa mkokoteni na bado midomo ilikauka. Nguo zikanipwaya. Chooni sisimizi wakajaa, na nikiwafagia wanarudi. Kliniki wakanipima wakasema ni sukari. Muuguzi akanifundisha kujidunga, asubuhi na jioni, kwa sindano ya kioo ambayo tulikuwa tukiichemsha ndani ya sufuria ndogo. Chupa ya dawa tuliitia kwenye kibuyu kidogo tukakining'iniza ndani ya mtungi wa maji, kwa sababu friji ilikuwa ya wenye nazo wa mtaa wa Donholm, si yetu.

Na kila asubuhi mkojo upimwe. Unatia matone machache ndani ya dawa ya bluu, unachemsha juu ya stovu, unatazama. Ikibaki bluu, shukuru. Ikiwa kijani, jichunge. Ikienda manjano, halafu machungwa, halafu nyekundu ya tofali, basi sukari imefurika. Kazi hiyo aliichukua Kalondu. Yeye ni dada mkubwa wa Mutiso, alikuja kutoka Kangundo kunisaidia na mtoto, na alikuwa amefika darasa la saba. Katika nyumba ile darasa la saba lilikuwa hospitali, mahakama na kanisa pamoja.

Asubuhi zangu zilikuwa nyekundu. Mchana rangi ilishuka, jioni mara nyingine ilikuwa bluu kabisa, lakini kukipambazuka, tofali. Kliniki palikuwa na daktari mmoja, Wamalwa. Alikuwa akitazama zaidi mstari wa wagonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Kila nikienda aliuliza jambo moja tu: usiku unakula nini? Nikisema sili kitu, anaandika, anaongeza dawa ya jioni.

Siku moja niliapa mbele yake kwamba sijala. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mama," akasema, "mkojo hauna sababu ya kudanganya. Wewe unayo."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Kalondu hakucheka. Aliyachukua maneno yale kama mtu anayepokea ufunguo.

Dawa ilipoongezwa, usiku ukabadilika. Nilikuwa nalala kama jiwe linavyozama. Niliota niko chini ya kisima, naita na sauti haitoki, na juu kwenye mdomo wa kisima kuna watu wanazungumza habari zangu. Nikiamka, shuka limelowa chapachapa, jasho baridi limefika mpaka kwenye godoro. Kichwa kinagonga. Taya zinauma kama nimetafuna mawe. Na Kalondu, akinywa chai, ananihadithia niliyoyasema usiku. Nilicheka peke yangu. Niliita majina ya watu wa kwetu waliokufa, mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita darasa, na baada ya kila jina nilingoja. Alisema kungoja kwangu ndiko kulikomtoa usingizi, kwa sababu nilikuwa nikingoja kama mtu anayesikia jibu.

Mwanangu, hakuna kinachotisha kama kuletewa maneno ya mdomo wako na mtu mwingine, na wewe huyakumbuki. Mwishowe unaanza kujitazama mikono.

Usiku mmoja nilizinduka natetemeka, moyo unakimbia, nina njaa ambayo si ya tumbo, ni ya mwili mzima mpaka kwenye kucha. Nikatambaa hadi kwenye mkebe wa sukari, nikala kwa kiganja kama mtoto mdogo. Kutetemeka kukakoma. Nikainua macho, Kalondu yuko mlangoni ameshika taa ya chemni.

Hebu niambie, mwizi akishikwa na unga mdomoni, nani atamsikiliza? Kalondu alinipeleka kliniki mwenyewe na akasema mbele yangu. Wamalwa akasema alijua tangu mwanzo. Hakuuliza kilichoniamsha. Hakuuliza jasho, hakuuliza ndoto. Akaongeza dawa. Nyumbani sukari ikaingia kabatini, kabati likatiwa kufuli, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la nguo ya Kalondu.

Na bado asubuhi ikawa nyekundu.

Hapo ndipo akaleta majivu. Kwao, nyanya yake alikuwa akinyunyiza majivu mbele ya boma ili ajue asubuhi kilichopita ni fisi au ni mtu. Kalondu aliyachekecha majivu ya jiko mpaka yakawa laini kama poda, akayatandaza kutoka kitandani kwangu hadi kabatini. Kulipokucha akaja kwa ncha za vidole. Hapakuwa na unyayo. Kufuli lilikuwa palepale. Kitu pekee kilichokuwa kimepita ni sisimizi: mstari mmoja, umenyooka, kutoka chini ya mlango mpaka kwenye beseni langu la mkojo chini ya kitanda. Akachemsha, akainua kichupa dirishani. Tofali.

Niliona uso wake ukigeuka. Mpaka asubuhi ile alikuwa akinichukia kama mwizi, na mwizi ni binadamu. Tangu hapo akaanza kuniogopa. Kama sikuinuka na sukari imeingia, basi iliingia ikiletwa.

Wewe uliyekulia mitaa hii unajua wanavyosema juu ya sisi Wakamba na madereva wa Mombasa. Kwamba mtu ananunua jini huko, analileta ndani ya sanduku, linamfulia, linampikia, na siku ya kulipwa linataka damu. Mutiso hakuleta chochote zaidi ya nazi na samaki wakavu. Lakini lisemwalo halihitaji miguu. Vijana waliokuwa wakikaa kwenye ukuta karibu na kioski walikuwa wakinipigia kelele nikienda bombani: niaje, Mama Majini, leo umeandaliwa nini huko? Nilikuwa nikijifanya kiziwi. Mumbua alikuwa mgongoni mwangu, anasikia.

Jirani yetu Bi Mwanaisha, ambaye mume wake alikuwa na duka dogo na watu wao walitoka Mombasa, ndiye pekee aliyewajibu. Alikuja barazani kwetu siku wanawake wamejaa, akasema: "Kila kibaya mnakipakia lori kutoka kwetu. Na jini gani hili, linabeba sukari usiku kucha na haliwezi hata kuosha kikombe?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kalondu alikusanya vikombe akaingia ndani.

Akamwendea Mzee Ndambuki. Huyu mchana alichonga vinyago vya kuuzia wazungu, jioni alikuwa mzee wa kanisa. Sisemi kanisa gani, kanisa halikunikosea. Aliyenikosea ni Ndambuki. Alinishika kichwa, akafunga macho, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu akatoa hukumu. Dawa ya daktari nisiache, alisema, kwa sababu hiyo ni ya serikali na haina ubaya. Lakini kilichomo ndani yangu kinakula kwa mdomo wangu. Kikinyimwa chakula cha jioni, kitachoka, kitatafuta nyumba nyingine.

Sikia vizuri, mwanangu, kwa sababu ni hapa niliuawa nikiwa hai. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi niliulizwa, nikasema nautaka, wakauondoa. Jioni sindano iliingia, dawa iliyoongezwa na Wamalwa mara baada ya mara, na baada ya sindano hapakuwa na ugali, hapakuwa na uji, hapakuwa hata na ndizi. Dawa ile kazi yake ni kuishusha sukari. Isipokuta chakula, haikai chini kungoja. Inashusha iliyopo, mpaka akili yenyewe inazimika, kwa sababu akili nayo inakula sukari. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba giza linaingia na ninaogopa kulala.

Mutiso alirudi kutoka safari jioni moja ya siku zile. Alinikuta nimedungwa, nimekaa kitandani, sufuria imefunikwa upande wa pili wa chumba. Nilimtazama. Nilijua ameelewa. Akavua viatu, akasema, "Dada anajua," na akaenda kulala kwenye mkeka katika kile chumba cha pili, kwenye upepo. Dereva wa lori, mtu aliyekuwa akivuka Tsavo peke yake. Aliniogopa mimi. Amekwisha kufa, na nilimlilia, lakini hilo sijalisamehe.

Yaliyofuata niliambiwa na Bi Mwanaisha, aliyeyasikia kupitia ukutani. Kabla hakujapambazuka kitanda kilianza kugonga ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikigonga, mwili mzima umekakamaa na kutupwa, ninajiuma ulimi. Ndani walikuwa Kalondu, Ndambuki na mama mkwe aliyekuja kwa maombi; Mutiso alibaki kule mkekani. Badala ya kukimbia hospitali waliongeza sauti. Nilipolegea wakasema limeanza kutoka, wakanifunga lisirudi, wakatandaza majivu upya. Basi la kwanza la Kangundo lilipopita barabarani, mama mkwe alikuwa ndani yake na Mumbua wangu mapajani, ili kile kitu kikitoka kwangu kisimkute mtoto karibu.

Ndiyo ile asubuhi niliyokuanzia.

Bi Mwanaisha aliingia bila kubisha hodi, bakuli la uji mkononi. Aliona leso, aliona majivu, aliona damu kwenye mto. Aliweka bakuli chini, akaja kunifungua, na fundo lilipomshinda akalivuta kwa meno. Kalondu akataka kumzuia. Bi Mwanaisha hakupaza sauti.

"Akifia hapa amefungwa," akasema, "hakuna polisi atakayeandika jini. Ataandika Kalondu."

Hilo ndilo lililoniokoa. Si huruma. Mkokoteni wa dukani ulinibeba hadi barabarani, na kutoka hapo gari la mtu likanifikisha hospitali kubwa.

Pale wodini alikuwepo muuguzi mkuu, Sista Awinja, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alisikiliza lile nililokuwa naweza kusema kwa ulimi uliovimba, na nilipofika kwenye jasho alinisimamisha. Akauliza kama nguo zinalowa kila usiku. Kama naota ndoto mbaya. Kama naamka na kichwa kinauma. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hayo, na niliposikia ananiuliza nilianza kulia, kwa sababu ilikuwa kama anayasoma mahali.

Usiku ule alikuja mwenyewe kitandani, akanigusa shingoni, akanikuta nimelowa. Akatoa damu, akaipeleka maabara. Sukari ilikuwa karibu imekwisha mwilini. Wakaniwekea maji ya sukari kwenye mshipa. Kulipokucha mkojo ukachemshwa na ukawa mwekundu. Sista Awinja akakiinua kichupa dirishani kama alivyokuwa akifanya Kalondu. Nikajikunja, nikingoja kuulizwa nimekula nini. Hakuuliza. Alisema, pole mama, usiku umepigana.

Daktari wa wodi alipokuja nilimwuliza lile swali la Kalondu. Nilitaka kujua kama kweli kuna kitu. Nikamwambia, sukari imefungwa, mimi nimefungwa, nani aliyenilisha?

"Ini lako," akasema.

Akavuta kiti akanieleza kama unavyomweleza mtoto, na namshukuru kwa hilo. Ini lina ghala la sukari. Dawa ya usiku ikizidi, au chakula kikikosekana, sukari ya damu inashuka mpaka mwili unashtuka. Mwili ukishtuka unapiga mbiu, na ini linafungua ghala na kumwaga. Ndiyo maana jasho, ndiyo maana moyo unakimbia, ndiyo maana asubuhi damu imejaa sukari ambayo hakuna mkono ulioileta. Kliniki wakaona mafuriko ya asubuhi wakaongeza dawa ya usiku, na dawa ya usiku ndiyo iliyokuwa inachimba shimo. Kila walipoongeza, shimo likawa refu, na ini likamwaga zaidi. Hakunipandishia dawa. Alinipunguzia ya jioni, akaamuru nile usiku kabla ya kulala. Asubuhi zikaanza kugeuka, machungwa, manjano, kijani. Siku niliyoiona bluu alfajiri nilikishika kile kichupa mpaka kikapoa mkononi.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niligundua kwamba hata kinachokulisha kimo mwilini mwako. Kile kitu walichokifunga, walichokinyima, walichokiombea kitoke, kilikuwa ni mwili wangu ukihangaika gizani kuniweka hai mpaka kuche.

Nilipopata nguvu nilikwenda Kangundo kumchukua Mumbua. Alikuwa amesimama nyuma ya nyanya yake, ameshika sketi. Nikamwita. Akamwuliza nyanya, kwa sauti ndogo, wala hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu: "Huyu ndiye anayelishwa usiku?"

Mama mkwe akaniambia nimwache kidogo, mpaka nipone vizuri. Kidogo hicho kikawa shule, shule ikawa miaka. Nilimweleza Kalondu maneno ya daktari, yote, nikatumia mikono kumchorea ini na ghala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, madaktari wana yao, na yeye aliyaona majivu.

Basi shika haya, mwanangu. Sukari ya asubuhi ikiwa juu, usimruhusu mtu akuite mwizi kabla hajauliza usiku wako. Wakati mwingine ni kweli umekula vibaya, na hilo useme, mficha maradhi kifo humuumbua. Wakati mwingine dawa ya jioni imekwisha nguvu kabla ya kupambazuka. Tena kuna jambo la alfajiri: mwili wa kila mtu hujiandaa kuamka, ini likatoa sukari kidogo ya kuanzia siku, na mwenye kisukari hana wa kuizuia, basi inapanda bila kosa lake. Na kuna hili langu la kushuka usiku na kurushwa juu asubuhi. Madaktari wananiambia wengi wana yale mengine kuliko langu. Lakini yote yana uso mmoja kukicha, na dawa zake hazifanani. La alfajiri linaweza kutaka dawa iongezwe au saa yake ibadilishwe. La kwangu, ukiongeza, unazika mtu.

Utajuaje? Kwa kuutazama usiku wenyewe. Siku hizi kuna mashine ndogo ya kutoboa kidole, sisi tulikuwa tukichemsha mikojo. Amka kabla ya jogoo, saa tisa hivi, upime, usiku kadhaa. Ikiwa imeshuka chini, ujue unarushwa. Ikiwa sawa au juu, ni mengine. Yapeleke kwa daktari, na usiongeze wala kupunguza dawa kwa kichwa chako, wala kwa kichwa cha wifi. Mwambie jasho, ndoto, kichwa cha asubuhi, hata asipouliza. Asipokusikiliza, tafuta mwingine. Ukidungwa dawa, kula kama ulivyoelekezwa. Mtu wa maombi akikwambia ufunge, mwulize daktari kwanza, Mungu hana haraka. Weka kitu kitamu karibu na mto, na watu wa nyumba yako wajue: ukitetemeka na bado unaweza kumeza, wakupe sukari upesi, waache kufuli. Ukiwa huna fahamu, wasikutie chochote mdomoni, wakulaze ubavu, wakimbie hospitali. Wala wasikufunge.

Mungu akupe usiku mkavu na asubuhi iliyo shwari. Akupe watu wanaouliza kabla ya kuhukumu. Akuzeeshe macho yako yakiona na miguu yako ikikubeba, na watoto wako walale karibu nawe bila hofu.

Hilo la mwisho mimi sikupewa. Mumbua ni mtu mzima sasa, ana watoto. Huja kuniona, huniletea unga na mboga, mtoto mwema. Lakini hukaa karibu na mlango, na jua likianza kuinama anakumbuka safari. Hajawahi kulala kwangu. Mjukuu alipopanda kitandani kwangu kusinzia, alimnyanyua kabla hajafumba macho, akasema wanachelewa. Nimemweleza ini, nimemweleza ghala. Anaitikia, ndiyo mama, na anatazama sakafu.

Ndambuki amekufa, atajibu huko aliko. Wamalwa sijui aliko, na yeyote aliyekaa kwenye kiti chake ajibu badala yake: mgonjwa akiapa hajala, uliuliza nini kingine? Lakini wewe, Kalondu, uko hai. Unakaa Donholm kwa kijana wako, unaitwa mama wa kanisa, akili zako ziko timamu. Wewe ndiwe uliyemweleza mama yako, mama yako akamweleza mtoto. Sitaki uniombe msamaha, huo kaa nao. Nataka uje hapa Mumbua akiwepo, uketi mbele yake, umwambie kwa mdomo ule ule kwamba hapakuwa na kitu kitandani mwangu ila mama yake mgonjwa. Njoo mchana kama bado unaogopa usiku, lakini njoo useme.